Mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi na joto la Tabora: namna ya kumtengenezea kitanda cha kulala mchana

Kabla hujaenda kwa fundi wala dukani, angalia kwanza mbwa wako analala saa ngapi. Mbwa wengi huku Tabora wanafunguliwa usiku na kufungiwa mchana, yani usiku kucha analinda, alfajiri anarudishwa bandani, na usingizi wake mzito ndo unaanza hapo, unaangukia saa tano, saa sita, saa nane mchana, muda ambao hata wewe ndani ya nyumba ya tofali unahamisha kiti kutafuta upepo. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi atahangaika lakini atavumilia. Ila jemani shepadi, au hawa machotara wake waliojaa manyoya shingoni na mapajani, au chauchau, au ritriva, huyo mwezi wa tisa na wa kumi anateseka kweli na hana mdomo wa kukwambia. Kwahiyo hapa naongelea kitanda cha mchana. Ukikitengeneza kwa kufikiria usiku utaweka godoro nono, utaweka blanketi, utaziba upepo, na vyote vitatu vinamuumiza.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ana tezi za jasho chini ya nyayo tu na hizo hazimsaidii sana. Anapoza mwili kwa kuhema ulimi ukiwa nje, maji ya mdomoni na puani yanakauka na kuondoka na joto. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, likivuka 40 hali inaanza kuwa mbaya. Sasa huyu mwenye manyoya mengi ana tabaka mbili, manyoya marefu ya nje na yale laini ya ndani yaliyoshikana, halafu upande wa tumboni na ndani ya mapaja manyoya ni machache. Hapo tumboni ndo mlango wa joto kutokea. Ndo maana utamkuta kajibwaga kwenye saruji miguu imetanuka, tumbo lote chini. Ukimlaza juu ya godoro la sponji umeuziba huo mlango, sponji inashika joto la mwili wake na kumrudishia, nusu saa tu utamwona ananyanyuka anaenda kulala chini pembeni ya godoro ulilonunua kwa hela yako.

Kwahiyo kitanda kizuri ni kile ambacho hewa inapita chini yake. Na huku kwetu hicho kitanda kipo toka zamani, kitanda cha kamba, kile cha mabibi zetu chenye matendegu manne na kamba zimewambwa katikati. Kifupishe miguu, kipunguze urefu, umemaliza. Siku hizi nchi za nje wanauza vitanda vya mbwa vya fremu ya chuma na kitambaa cha neti kimevutwa katikati, wazo ni lilelile, tofauti yetu ni kwamba fundi wa mtaani Ng'ambo au Ipuli anakutengenezea kwa saizi ya mbwa wako mwenyewe.

Lakini sehemu kwanza, kitanda baadae. Kitanda kizuri ukikiweka mahali pabaya umepoteza hela. Banda la mbwa la bati, kuta bati, paa bati, kimlango kidogo, hilo ni bani la kukaushia tumbaku umemfungia kiumbe ndani, naomba kama unalo ulibomoe upande mmoja leo hii. Toa bati za kuta mbili zinazotazamana, weka wavu mzito au nondo, hewa iingie huku itokee kule. Juu kama huwezi kutoa bati, weka nyasi nene juu ya bati, au funga kitu kama dari chini ya bati ukiacha nafasi ya shubiri moja hewa ipite katikati. Nyasi peke yake ni bora kuliko vyote ila zinataka kubadilishwa.

Kuna jambo watu hawaliangalii, kivuli cha ukuta. Asubuhi unaweka kitanda upande wa magharibi wa nyumba, kivuli safi kabisa, unaenda kazini. Tabora tuko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwahiyo mwanzoni mwa mwezi wa kumi jua la saa sita linakaa utosini moja kwa moja na kivuli cha ukuta kinakwisha, halafu mchana wote unaobaki jua linahamia upande huohuo wa magharibi uliomuweka. Hapo mbwa kama kafungwa mnyororo hana pa kwenda. Upande wa mashariki wa nyumba ndo mzuri kwa mchana, jua la asubuhi litampiga kidogo ila halina nguvu, na kuanzia mchana ukuta unamkinga mpaka jioni, na kwa zile saa za jua la utosini lazima kuwe na paa juu yake, hata ubaraza wa mita moja na nusu. Usikiegemeze kitanda ukutani, acha nafasi ya mguu, ukuta wa tofali uliopigwa na jua unatoa joto mpaka usiku.

Chini ya mwembe ndo mahali pazuri kuliko pote na kwa bahati miembe tunayo. Kivuli chake ni kizito na majani hayapukutiki kiangazi. Ila chungulia juu kwanza kama kuna maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wakimdondokea mbwa mwenye manyoya mengi wanajificha ndani na huwezi kuwatoa wote. Na msimu wa maembe okota maembe yaliyoanguka kila asubuhi, mbwa anameza kokwa na kokwa linaweza kuziba utumbo, hiyo ni oparesheni na sio kila mahali utampata daktari wa kuifanya. Kama una mizinga ya nyuki nyumbani, kitanda kikae mbali nayo kabisa, na mbwa asifungwe mnyororo upande huo hata dakika kumi.

Walio Kigoma na Ujiji mambo yao yanatofautiana kidogo, kule ni chini zaidi kuliko huku na unyevunyevu wa ziwa upo, kuhema hakumpozi mbwa vizuri hewa ikiwa na unyevu, kwahiyo kule upepo una thamani kuliko maji. Kitanda kiwekwe pale upepo wa ziwa unapopita, sio kwenye kona iliyojificha eti kuna ubaridi.

Haya, vipimo. Subiri mbwa alale ubavu kajinyoosha, pima kutoka puani mpaka shina la mkia, ongeza sentimita 20 au 25. Upana pima kutoka mgongoni mpaka ncha za miguu aliyoinyoosha. Jemani shepadi dume ana urefu wa sentimita 60 hadi 65 begani na kilo 30 mpaka 40, kwa huyo kitanda cha sentimita 120 kwa 80 kinamtosha vizuri. Usimbanie upana. Mbwa akipata joto hajikunji, anajitandaza, na kitanda kidogo kitamlazimisha ajikunje, hapo tumbo limejifunika tena. Kimo kutoka chini, sentimita 20 zinatosha, chini ya 15 hewa haipiti na uchafu unajaa, juu ya 30 mbwa mzee mwenye nyonga mbovu hapandi. Na hawa wakubwa nyonga zao ni za kuangalia sana, jemani shepadi ni ukoo unaojulikana kwa matatizo ya nyonga, akifika miaka saba nane mshushie kitanda mpaka hizo 15.

Mbao. Mninga ndo mfalme, mchwa wanauogopa na haupindi, bei yake unaijua mwenyewe, ila kwa kitanda cha mbwa huhitaji mbao nzima, pita kwa mafundi seremala uliza vipande walivyobakiza, matendegu manne na mbao nne za pembeni unaweza kupata humohumo. Mbao nyingine laini nayo inafaa ila usiisimamishe kwenye udongo, mchwa wa huku hawana huruma, weka kila mguu juu ya jiwe bapa au tofali la kuchoma na ukague kila wiki. Kuna watu wanapaka oili chafu miguu ya kitanda, mimi sikushauri, mbwa analamba kila kitu na ile oili ni sumu kwake, manyoya marefu yakigusa yanaibeba halafu anajilamba. Jiwe linatosha.

Mwambie fundi azungushe kona zote na apige msasa, afu misumari isitokeze popote. Fremu iungwe kwa kutoboa tenoni, yani ulimi wa mbao moja uingie kwenye tundu la nyingine, kilo 40 zikijibwaga kwa mkupuo misumari peke yake inafunguka.

Kamba sasa, hapa ndo roho ya kitanda. Una mbili, ya katani na ya manila. Manila haiozi, inaoshwa, lakini inateleza na mbwa mzito inamwachia michirizi, pia haipitishi hewa vizuri kwenye ngozi. Katani ni ngumu mwanzoni, inakwaruza kidogo, baada ya wiki kadhaa inalainika na mbwa anaipenda, mimi napigia kura katani kwa sehemu ya ndani yenye kivuli na manila kwa kitanda kinachonyeshewa. Nunua ya unene wa kidole kidogo. Iwambe ikiwa kavu kabisa, kwa sababu katani ikilowa inajikaza na ikikauka inalegea, ukiiwamba mbichi siku ya tatu una bembea. Piga kamba za urefu kwanza, kisha za upana ukizisuka juu chini juu chini, na nafasi kati ya kamba na kamba isizidi upana wa vidole viwili, mguu wa mbwa ukizama pale na yeye akishtuka kuruka anaweza kuvunjika. Upande wa miguuni acha nafasi ya shubiri moja bila kusuka, ufunge kwa kamba ya peke yake ya kuvutia, kama vitanda vya zamani, ili kikilegea unavuta hiyo moja tu bila kufumua chote. Kitalegea, hilo halina ubishi, kwa mbwa mzito kikaze kila mwezi. Kikilegea anazama katikati, mgongo unapinda, na tumbo linakaribia chini.

Kama mbwa wako ni mtafunaji, yani bado mdogo chini ya mwaka na nusu, kamba ataila. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee fremu ya skwea paipu ya inchi moja, avute juu yake shedi neti, ile neti nyeusi au ya kijani wanayofunikia vitalu vya miche, ikunje mara tatu au nne iwe nzito, iviringwe kwenye paipu na kushonwa kwa uzi wa turubai. Inapitisha hewa na ikichakaa unabadilisha neti tu. Turubai lenyewe usiweke, halipitishi hewa na likipata jua hata nusu saa linaunguza.

Unaweka nini juu? Kwa miezi ya joto, hapana, usiweke kitu. Najua inauma kumwona mbwa kwenye kamba tupu, tunataka kumtandikia kama mtoto, lakini yeye anataka hewa. Angalia tu viwiko vyake. Mbwa wakubwa wanaolala chini kwenye sakafu ngumu wanaota sugu viwikoni na wengine uvimbe wenye maji, kamba zilizokazwa vizuri zinapunguza hilo kwa sababu zinabonyea kidogo. Kama unaona pamekuwa pekundu, tandika gunia moja la katani lililooshwa, moja tu, upande anaolazia viwiko. Viroba vya nailoni vya mchele au vya mbolea hapana, vina joto na vinateleza, na vya mbolea vina mabaki ya kemikali. Na hili kwa wenzangu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na wote mnaolima tumbaku, tafadhali sana, magunia na vitambaa vilivyofungiwa tumbaku msimlazie mbwa hata mkiviosha, nikotini ni sumu kwa mbwa na yeye gunia lazima alilambe au alitafune. Mabani pia yafungeni, mbwa asiingie kulala humo msimu ukiisha.

Pembeni ya kitanda acha sehemu ya saruji tupu, mita moja kwa moja inatosha, imwagie maji saa sita na saa nane kama kuna mtu nyumbani. Kitanda kinampoza kwa hewa, saruji inampoza kwa kumgusa, na mbwa mwenyewe anajua saa hii anataka kipi, utamwona anahama huku na huku mchana kutwa, mwache. Sehemu zetu za mchanga mbwa anachimba shimo anajilaza kwenye udongo wa chini wenye ubaridi, hiyo ni akili na sio utukutu, mpe kona yake ya kuchimba. Ila mchanga wa kivulini usiulowanishe, na akikojoa hapo toa ule mchanga. Kuna nzi anataga mayai kwenye mchanga wa kivulini wenye mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa hazijakauka, funza wake wanaingia kwenye ngozi ya mbwa na kutengeneza majipu yenye tundu, kwenye manyoya mengi unakuja kugundua yako ishirini. Kwa sababu hiyohiyo gunia la mbwa likifuliwa likauke juani mpaka likakamae, usimrudishie likiwa na ubichi.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyogandishwa kwenye friji, izungushie kipande cha kanga, weka kitandani karibu na kifua chake, ni msaada mkubwa zile siku ambazo hata upepo hakuna. Atafute mwenyewe kuisogelea, usimbandike. Na taulo la maji usimfunike mgongoni, watu wengi wanafanya hivi kwa upendo, kwenye manyoya mazito lile taulo linapata joto dakika chache tu halafu linazuia hewa. Lowanisha tumbo, kwapa, ndani ya mapaja na nyayo. Maji ya kunywa yawe kwenye chombo kizito cha udongo, kivulini, chungu kinapoza maji chenyewe.

Msimnyoe upara kwa wembe jamani. Yale manyoya ya nje yanamkinga na jua, na kwa mbwa wa tabaka mbili yakinyolewa mara nyingine hayaoti tena sawasawa. Anachohitaji ni kuchanwa, kila siku ya pili, kwa kitana cha chuma chenye meno marefu, toa yale ya ndani yaliyokufa, utajaza mfuko. Baada ya hapo hewa inafika kwenye ngozi na kitanda chako cha kamba kinaanza kufanya kazi. Bila kuchana kitanda kinafanya nusu ya kazi.

Usafi wa kitanda cha kamba ni kukitoa juani mara moja kwa wiki, kukigeuza juu chini, kukipiga kwa fimbo na kumwagia maji ya moto kwenye mafundo na kwenye maungio ya mbao, humo ndo viroboto na kupe wanajificha. Kama banda lina sakafu ya udongo yenye nyufa, papasi wanakaa humo na hao wanauma mpaka binadamu, homa ya papasi sio ya kuchezea, siriba sakafu au mimina zege nyembamba. Dawa ya kuogesha mbwa chukua duka la mifugo na uchanganye kama kibandiko kinavyosema, usipime kwa macho dawa ya ng'ombe.

Akikikataa mwanzoni usimbebe kumpandisha. Tandika kanga yako ya zamani hujaifua, harufu yako tu inamtosha, mpe chakula chake cha asubuhi pembeni ya kitanda, siku inayofuata weka kipande cha nyama juu ya kamba. Wengi wanaogopa mtikisiko wa kamba, kwahiyo hakikisha hakilii wala hakichezi. Siku mbili tatu akipanda mwenyewe ondoa ile kanga.

Na pamoja na haya yote, jifunze kumsoma. Akihema kwa kasi isiyopungua hata akiwa kivulini, ute mdomoni mzito unavutika, fizi nyekundu sana, anayumba au anatapika, hapo hakuna habari ya kitanda tena, mwili umepanda joto na anaweza kufa. Mwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima mpaka yaingie kwenye ngozi, mpepee kwa nguvu, mpe maji ya kunywa kidogokidogo kama anameza mwenyewe, na mtu mwingine apige simu kwa daktari wa mifugo huku mkiendelea kumwagia. Hata akionekana amerudi sawa, apelekwe, viungo vya ndani vinaweza kuwa vimeumia na dalili zikaja baadae.

Mvua zikianza mwezi wa 11 hamishia kitanda kwenye ubaraza au ongeza paa, kamba ya katani ikilowa kila siku inaoza kwenye maungio na utasikia imekatika usiku. Mwezi wa sita na wa saba usiku Tabora ni baridi ila mwenye manyoya mengi haimsumbui, mwongezee gunia mbili kama ni mzee au ana maumivu ya nyonga, na mwezi wa nane ukiisha uzitoe.